Siku Tisa za Chuma: Kisa cha Mapango ya Juukan

Jumapili ya tarehe 24 Mei 2020, katika mgodi wa Brockman 4 huko Pilbara, jimbo la Australia Magharibi, baruti iliyoshindiliwa kwenye mamia ya mashimo ililipuliwa. Kwa mgodi wa chuma hilo ni jambo la kawaida kabisa. Tofauti ni kwamba mwamba uliopasuliwa siku ile ulikuwa umebeba mapango mawili ya Korongo la Juukan, na moja kati ya hayo, ambalo wanaakiolojia waliliita Juukan 2, lilikuwa na alama za watu waliolitumia tangu miaka ipatayo 46,000 iliyopita.

Kibali kilikuwepo, kimetolewa na serikali ya jimbo tangu Desemba 2013. Mkataba na wenyeji ulikuwepo pia. Ukipitia karatasi peke yake utasema kazi ilikwenda kama ilivyopangwa. Hata hivyo miezi minne haijatimia, mkurugenzi mtendaji mkuu wa kampuni, Jean-Sébastien Jacques, akatangazwa kuwa anaondoka, na pamoja naye Chris Salisbury, mkuu wa kitengo cha madini ya chuma, na Simone Niven, mkuu wa mahusiano ya kampuni. Mwenyekiti wa bodi, Simon Thompson, naye aliachia kiti mwaka 2022.

Kampuni ni Rio Tinto, mojawapo ya wachimbaji wakubwa wa madini duniani, yenye makao makuu London na hisa zinazouzwa London na Sydney.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaugusa wajibu wa kampuni kwa jamii pale ambapo vitabu vya menejimenti huwa vinapita haraka. Ukitaja wajibu huo mbele ya mameneja, wengi wao wanaona picha moja: mtu amevaa fulana yenye nembo, ameshika hundi ya ubao yenye urefu wa mlango, watoto wamepangwa nyuma yake wanatabasamu. Sina ugomvi na hundi. Lakini hundi hutolewa baada ya maamuzi ya biashara kwisha kufanywa, kutoka kwenye faida ambayo tayari imepatikana. Swali la Juukan linatangulia hapo: wakati faida bado inatafutwa, nani ndani ya kampuni ana uwezo wa kusema kazi isimame?

Kampuni iliyoijua lugha

Mtu akisikia habari hii kwa mara ya kwanza hudhani ni kampuni katili isiyojali, iliyovamia nchi ya watu na baruti. Ingekuwa hivyo kisa kingekuwa chepesi, wala kisingekuwa na la kumfundisha meneja yeyote mwenye nia njema.

Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Eddie Mabo, ilikataa ile dhana ya kikoloni kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe kabla ya Wazungu kufika. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kutambua haki za ardhi za wenyeji asilia, na sekta ya madini ikapiga kelele kweli kweli. Katikati ya kelele hizo, mwaka 1995, Leon Davis, bosi wa CRA, kampuni iliyoungana na RTZ ya Uingereza mwaka huohuo na kuzaa Rio Tinto ya leo, alisimama hadharani akasema kampuni yake inaridhika na msingi wa sheria ile. Wenzake kwenye sekta hawakufurahi. Lakini tangu hapo Rio Tinto ikajijengea jina: mikataba na wenyeji, ajira kwa vijana wao, wataalamu wa anthropolojia na akiolojia kwenye orodha ya mishahara. Ilikuwa inatajwa kama mfano wa kuigwa.

Kwa hiyo mwaka 2020 haikukosa sera, haikukosa wataalamu, wala haikukosa ripoti ya mwaka yenye picha nzuri. Vyote vilikuwepo, na mapango yalilipuliwa vikiwepo.

Walichokuwa wakikijua, na lini

Juukan ni jina la mtu, mzee wa ukoo miongoni mwa watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, ambao kwa kifupi huitwa PKKP. Wao ndio wenye nchi ile. Mwaka 2008 wanaakiolojia walichimba kidogo kwa majaribio, wakaona pango lina umri mkubwa. Mwaka 2011 PKKP na kampuni walitia saini mkataba wa ushiriki: kampuni ichimbe, wenyeji wapate malipo na manufaa mengine. Ndani ya mkataba mlikuwa na vipengele vilivyowabana wenyeji wasipinge shughuli za mgodi wala wasiyatoe malalamiko yao nje kiholela. Tutarudi kwenye vipengele hivyo.

Halafu likaja suala la namna ya kulichimba shimo la mgodi. Hapa nawaomba tukae kidogo, maana ndipo uamuzi wenyewe ulipofanyikia, miaka saba kabla ya baruti.

Wahandisi walikuwa na njia nne mezani. Tatu zilikwepa mapango. Ya nne iliyapitia, na faida yake ilikuwa kuyafikia madini ya daraja la juu yapatayo tani milioni 8, ambayo baadaye yalikadiriwa kuwa na thamani ya dola za Australia milioni 135 hivi. Kampuni ikachagua ya nne. PKKP hawakuambiwa kwamba zile tatu zilikuwepo. Kampuni ilikiri hivyo mwaka 2020 mbele ya kamati ya bunge la Australia iliyochunguza mlipuko ule.

Tani milioni 8 si kidogo ukizisikia hivihivi, basi tuzipime. Mwaka 2020 Rio Tinto ilisafirisha kutoka Pilbara tani zipatazo milioni 330. Gawanya kwa siku za mwaka: karibu tani laki tisa kwa siku. Tani milioni 8 ni mzigo wa siku tisa. Na chuma kina sifa moja ambayo mtu yeyote aliyekaa kwenye mkutano ule angeweza kuisema: kisipochimbwa leo hakiozi. Kingebaki palepale ardhini, bei ikipanda au ikishuka, mpaka siku ambayo teknolojia au makubaliano mapya yangeruhusu kukitoa. Pango likishavunjwa halina siku nyingine. Upande mmoja wa mizani uliweza kurudishwa nyuma, mwingine haukuweza, na hesabu ya mradi haikuwa na safu ya kuandika tofauti hiyo.

Kibali kikatoka Desemba 2013 chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Urithi wa Wenyeji Asilia ya 1972, sheria ya jimbo. Kifungu hicho kilimruhusu waziri kukubali eneo la urithi liharibiwe. Mwekezaji akinyimwa aliweza kukata rufaa. Wenyeji hawakuwa na haki hiyo.

Mwaka 2014, kibali kikiwa tayari mfukoni, kampuni iligharamia uchimbaji wa kuokoa vilivyomo kabla ya kuvunja. Ndipo maajabu yakaibuka. Vitu vipatavyo 7,000 vilitoka kwenye udongo ule. Kulikuwa na mfupa wa mguu wa kangaruu uliochongwa ncha, wenye umri wa miaka 28,000. Kulikuwa pia na kipande cha msuko wa nywele za watu, sehemu ya mkanda, chenye miaka ipatayo 4,000. Vinasaba vya nywele zile vilipopimwa vikaonyesha undugu na watu wa PKKP walio hai leo.

Hebu fikiria hilo kwa dakika moja. Mtu ameketi pangoni anasuka nywele za watu wake, na vizazi zaidi ya mia moja baadaye wajukuu wake wamekaa kwenye mkutano na kampuni wakijadili pango lilelile.

Matokeo hayo hayakufichwa kabatini. Kampuni ilikuwa nayo, na mwaka 2018 ripoti kamili ya mwanaakiolojia ikakabidhiwa ikieleza kwamba eneo lile ni la kiwango cha juu kabisa cha umuhimu nchini Australia. Taarifa mpya kabisa, nzito, imetoka kwa mtaalamu aliyelipwa na kampuni yenyewe. Mpango wa mgodi haukurudishwa mezani. Kibali kilitolewa kabla ya maarifa hayo kupatikana, lakini kwa kuwa kilikuwa bado hai kisheria, basi suala likahesabiwa limekwisha.

Siku za Mei

Mwanzoni mwa Mei 2020 PKKP waliomba ruhusa ya kulitembelea korongo kwa ajili ya wiki ya kitaifa ya kuenzi utamaduni wa wenyeji asilia, inayoadhimishwa Julai. Ombi la kawaida tu, la watu wanaotaka kwenda kwao. Katikati ya mwezi ndipo wakajibiwa kwamba mashimo ya baruti yameshaandaliwa na mlipuko uko karibu.

Walioandika jibu lile, nadhani, hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wakijibu swali la ratiba. Kilichofuata kilikuwa mbio: simu, barua pepe, wenyeji wakisihi kazi isimamishwe, wataalamu wa milipuko wakisema kuondoa baruti iliyokwisha kujazwa ni hatari kwa watu wa mgodini. Sababu hiyo ya usalama ilikuwa ya kweli. Lakini kamati ya bunge ilikuja kuonyeshwa mambo mawili yanayokaa vibaya pamoja nayo. Kwanza, mashimo machache yaliondolewa baruti, ili kuyanusuru maeneo mengine ya urithi ambayo hayakuwa na kibali cha kuvunjwa. Pili, katika siku zilezile kampuni iliwatafuta mawakili wajiandae endapo PKKP wangekwenda mahakamani kuomba zuio.

Mashimo yanayoweza kuiletea kampuni kesi yaliondolewa baruti. Yale yaliyolindwa na karatasi yaliachwa.

Mimi nikisoma sehemu hii huwa namfikiria mtu mmoja ambaye jina lake halimo kwenye taarifa yoyote: ofisa wa mahusiano na jamii aliyekuwa kule kwenye mgodi, anayewajua wazee kwa majina, anayepokea simu zao. Yeye anajua uzito wa jambo. Je, anaweza kumwambia meneja wa mgodi asimamishe? Hapana, si bosi wake. Anaweza kupeleka habari juu, kwa msimamizi wake, naye kwa wake, kupitia idara iliyo mbali na mgodi. Na saa inakwenda.

Idara iliyokaa upande

Hapa ndipo ilipo nyama ya kisa kwa mtu wa menejimenti.

Miaka kadhaa kabla ya mlipuko, Rio Tinto ilipanga upya muundo wake, na kazi ya kushughulika na jamii na urithi ikawekwa chini ya mahusiano ya kampuni, kitengo kilekile kinachoshughulika na vyombo vya habari, serikali na sifa ya kampuni. Bosi wake, Niven, alikuwa London. Wenye mgodi, yaani wenye bajeti, ratiba na funguo za mitambo, walikuwa kwenye mstari mwingine wa madaraka uliopita kwa Salisbury huko Perth. Mistari hiyo miwili ilikutana juu kabisa, kwa Jacques.

Kwenye mchoro wa muundo jambo hilo linapendeza. Wataalamu wa jamii wamekusanywa mahali pamoja, wana mkuu wao kwenye kamati ya uongozi, wana sauti. Kiutendaji ina maana kwamba meneja wa mgodi anaamka asubuhi akiwa na malengo ya tani, gharama na usalama, na suala la wenyeji ni la "wale wa mahusiano". Nao wale wa mahusiano wanaamka wakiwa na malengo ya sifa na mawasiliano, na tani si zao. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri, na pango liko katikati, halimo kwenye malengo ya yeyote.

Jacques aliieleza kamati ya bunge kwamba hakuwa na habari ya umuhimu wa mapango yale hadi yalipokwisha kuvunjwa. Wapo waliomwona mwongo. Mimi namwamini, na ndiyo maana nakiona kisa kuwa kibaya zaidi. Kampuni ya ukubwa ule, yenye ripoti ya mtaalamu wake ikisema hili ni eneo la kiwango cha juu kabisa nchini, haikuwa na mfereji wa kuifikisha habari hiyo kwa mtu pekee aliyekuwa na mamlaka juu ya pande zote mbili. Linganisha na habari ya tani. Mgodi ukipungukiwa uzalishaji kwa asilimia chache, London inajua wiki ileile.

Bodi ilifanya uchunguzi wake ukiongozwa na mjumbe wake Michael L'Estrange, ripoti ikatoka Agosti 2020. Ilisema hakukuwa na chanzo kimoja wala kosa la mtu mmoja, bali mfululizo wa maamuzi, vitendo na mapungufu ya muda mrefu. Ni kweli tupu. Pia ni aina ya ukweli unaomfaa sana kila aliyehusika, kwa kuwa mzigo ukigawanywa kwa watu wengi na miaka mingi, hakuna bega linalouhisi.

Sheria ilitosha?

Archie Carroll, mwanazuoni wa Marekani, mwaka 1991 aliuchora wajibu wa kampuni kama piramidi ya ngazi nne: chini kabisa kupata faida, juu yake kutii sheria, halafu maadili, na kileleni hisani. Wanafunzi wa biashara huikariri. Juukan ilitimiza ngazi ya kwanza na ya pili bila shida, na kampuni ilikuwa na kilele chake cha misaada kinachong'aa. Palipovunjika ni ngazi ya tatu, ile isiyo na risiti.

Na mkataba wa 2011? Kampuni ilikuwa ikisema wenyeji waliridhia. Ridhaa, kwa mtazamo wangu, inahitaji mtu aijue njia mbadala. Hawa walifichwa njia tatu kati ya nne. Inahitaji pia aweze kubadili kauli akipata habari mpya. Hawa walibanwa midomo na vipengele vya mkataba, huku sheria ikiwanyima rufaa. Saini iliyopatikana hivyo inaweza kusimama mahakamani. Kuiita ridhaa ni kulionea neno.

Ieleweke kwamba miongozo ya kimataifa haikukosekana. ISO 26000, mwongozo wa wajibu kwa jamii uliotolewa mwaka 2010, na kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu za 2011 zinasema mambo haya kinagaubaga: chunguza madhara kabla, endelea kuchunguza, shirikisha walioathirika. Lakini ISO 26000 haina hata cheti. Ni mwongozo tu. Haiwezi kumsimamisha mtu mwenye kibali na baruti.

Msamaha, bonasi na faida

Tarehe 31 Mei Salisbury aliomba radhi kwa niaba ya kampuni kwa uchungu iliousababisha. Watu waliisoma ile sentensi mara mbili. Iliomba radhi kwa uchungu. Kuhusu uamuzi wenyewe ilikaa kimya. Wazungumzaji wa Kiswahili tunaujua msamaha wa aina hii, ule wa "kama umekwazika basi samahani", na tunajua jinsi unavyopokewa. Shirika la Reconciliation Australia, lililokuwa limeiweka kampuni kwenye daraja la juu la mpango wake wa maridhiano, lilisitisha uhusiano huo Juni.

Baada ya ripoti ya L'Estrange bodi ilitangaza adhabu: viongozi wale watatu wangekatwa bonasi, jumla karibu pauni milioni 4. Bodi ilidhani imemaliza. Haikutegemea nani angenyanyuka. Hawakuwa wanaharakati wenye mabango, walikuwa wanahisa. Mifuko ya pensheni ya Australia, ikiwamo AustralianSuper na HESTA, ilisema wazi kwamba kukatwa bonasi hakulingani na kilichotokea. Hawa ni watu wanaotunza akiba za mamilioni ya wafanyakazi kwa miaka 30 au 40 ijayo, na kampuni ya madini isiyoaminika na wenye nchi ni hatari ya kibiashara ndani ya miaka hiyo. Septemba 11 kuondoka kwa watatu hao kukatangazwa, "kwa makubaliano".

Wengi hukiishia kisa hapo, haki imetendeka, soko limeadhibu uovu. Ninawasihi tusiharakishe.

Ripoti ya mwaka ilipotoka, ikaonekana malipo ya Jacques kwa mwaka 2020, licha ya kukatwa bonasi, yalipanda yakazidi pauni milioni 7, kwa sababu hisa alizoahidiwa miaka ya nyuma zilikuwa zimekomaa kwa bei nzuri. Kwenye mkutano mkuu wa 2021 zaidi ya asilimia 60 ya kura ziliikataa taarifa ya malipo ya viongozi. Na mwaka 2021 huohuo kampuni ilipata faida ya kuvunja rekodi, dola za Marekani bilioni 21.4 kwa hesabu yake ya mapato ya msingi, kwa kuwa bei ya chuma ilikuwa juu sana.

Kwa hiyo yule mshauri anayekuja na slaidi zenye mishale ya kijani, akiiambia bodi kwamba kuwajibika kwa jamii huongeza faida siku zote, kisa hiki hakimsaidii. Mwaka mmoja baada ya kulipua urithi wa miaka 46,000 kampuni ilichuma kuliko wakati wowote. Ukiujenga wajibu juu ya hoja ya faida peke yake, siku bei ya chuma ikipanda hoja inaanguka, na inaanguka wakati ambao mitambo inakimbia zaidi.

Kilichopotea kilikuwa kwingine. Viongozi watatu wa juu waling'olewa katikati ya mwaka wa janga la korona. Karibu kila mradi wa kampuni ulioko kwenye ardhi ya wenyeji, Australia na nje yake, ukaanza kuulizwa maswali mapya. Bunge likaikabidhi uchunguzi kamati yake, ikatoa ripoti ya awali Desemba 2020 na ya mwisho Oktoba 2021. Wachimbaji wengine wa Pilbara nao ikabidi wavipitie upya vibali vyao. Hayo yote yana gharama, ila hayana mstari wake kwenye taarifa ya mapato na matumizi.

Ndiyo maana naona nafasi ya wajibu huu katika menejimenti inafanana na breki kuliko injini. Tunapoteza muda kuthibitisha kwamba breki inaongeza mwendo. Swali lenye maana ni kama mguu wa dereva unaifikia, au imefungwa kiti cha nyuma ambako abiria mwenye huruma anaikanyaga bila gari kuhisi.

Baada ya vumbi

Jakob Stausholm, aliyekuwa mkuu wa fedha, alichukua kiti cha Jacques Januari 2021. Kazi ya jamii na urithi ikarudishwa karibu na wenye migodi, mameneja wa uzalishaji wakabebeshwa jukumu la moja kwa moja. Ben Wyatt, aliyewahi kuwa waziri wa fedha na wa masuala ya wenyeji asilia wa jimbo, akaingia kwenye bodi. Hatua hizi hazipigiwi picha, na kwangu zina uzito kuliko msaada wowote, kwa sababu zinahamisha mamlaka.

Kwa upande wa sheria mambo yamekwenda kwa kusuasua. Jimbo lilipitisha sheria mpya ya urithi mwaka 2021, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wenye ardhi wakalalamika kwamba ni ngumu mno, na Agosti, wiki chache tu baadaye, serikali ikatangaza kuifuta na kuirudia ile ya 1972 iliyofanyiwa marekebisho. Moja ya marekebisho linawapa wenyeji haki ya kuomba uamuzi wa waziri upitiwe, haki ambayo awali ilikuwa ya mwekezaji peke yake. Aliyetegemea sheria imkamilishie kazi ya maadili alipata jibu ndani ya kiangazi kimoja cha kaskazini.

Novemba 2022 PKKP na Rio Tinto walitia saini makubaliano ya fidia, ukaundwa mfuko wa kumbukumbu ya Korongo la Juukan. Mwaka 2025 wakasaini mkataba mwingine, wa kuisimamia nchi ile kwa pamoja: wenyeji washirikishwe tangu mgodi unapochorwa, kabla kibali hakijaombwa. Ni palepale zilipokuwa zile njia nne mwaka 2013, ila safari hii wote wanaziona.

Na Juukan 2 lenyewe likaanza kufukuliwa upya. Mawe yaliyoporomoka yakaondolewa, udongo uliokuwa chini yake ukachekechwa taratibu, na wenyeji wa PKKP walikuwa pale pamoja na wanaakiolojia, wakiangalia kila kilichobaki kwenye wavu wa chekecheke.